Bunduki ndogo ya kwanza, ya shabaha na ya kuwinda kindi: nichukue ipi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wa tisa naishi Minnesota, kaskazini ya Minneapolis, na nina grinikadi. Mwenzangu wa kazini amenialika twende kuwinda kindi na sungura msimu ukifunguliwa Septemba. Utotoni kwetu Iringa nilikuwa hodari wa manati, lakini bunduki sijawahi kuishika. Dukani nimeonyeshwa .22 ya kawaida, .22 magnum na .17. Nyingine ni za kukoki kwa mkono, nyingine zinajikoki zenyewe. Muuzaji ananisukumia ile yenye nguvu zaidi. Nina dola 600 kwa kila kitu, na mwanangu wa miaka 13 anataka kujifunza pia. Nichukue ipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu langu ni hili: chukua .22 Long Rifle, yaani ile .22 ya kawaida (namba hizi ni upana wa risasi kwa sehemu ya inchi), ya kukoki kwa mkono, na fedha utakazookoa zinunulie risasi. Sasa nikueleze kwa nini, maana muuzaji wako hakukudanganya kuhusu nguvu. Alichokosea ni kudhani kwamba nguvu ndiyo inayokupungukia.

Kindi wa kijivu wa huku ana uzito wa nusu kilo hivi. Mwindaji anayetaka nyama humlenga kichwani, na kichwa hicho kwa upana hakizidi sana kizibo cha chupa ya soda, kama sentimita 3. Risasi ndogo kuliko zote dukani, ikifika pale, inamaliza kazi papo hapo. Risasi kubwa isipofika pale inamjeruhi mnyama, naye anapanda zake hadi tunduni kwenye mti kwenda kufia humo, na wewe unarudi nyumbani mikono mitupu na moyo mzito. Kwa hiyo swali si bunduki ipi ina nguvu. Swali ni bunduki ipi itakufundisha kupiga kizibo cha soda kila unapovuta triga. Ulikuwa hodari wa manati, basi jambo hili unalijua tayari: uhodari ule haukutoka kwenye ukubwa wa jiwe. Ulitokana na mawe mengi uliyorusha.

.22 Long Rifle ilitengenezwa Marekani mwaka 1887 na kampuni ya J. Stevens, na mpaka leo haijapata mpinzani katika kazi ya kufundisha. Risasi yenyewe ina uzito wa gramu 2.6 hivi. Teke lake begani ni kama kuguswa tu, na hilo ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu adui wa kwanza wa mwanafunzi ni kushtuka. Mtu akishapigwa bega na bunduki kubwa mara tatu, mara ya nne mwili unajikaza kabla hajavuta, risasi inakwenda chini kushoto, na tabia hiyo kuiondoa huchukua miezi. Mwanao wa miaka 13 hatakiwi kuanza na tabia hiyo.

Ile .22 magnum, iliyoletwa na Winchester mwaka 1959, husukuma risasi ya uzito uleule kwa mwendo wa kama mita 580 kwa sekunde, wakati .22 ya kawaida huenda kati ya mita 325 na 380. Inafaa kwa mnyama mkubwa kidogo, kama rakuni, lakini kindi aliyepigwa nayo begani hana nyama ya kupeleka jikoni. Ile .17, yaani .17 HMR ya kampuni ya Hornady, ya mwaka 2002, ni ganda la magnum (kikopo kinachobeba baruti na risasi) lililobanwa shingo lishike risasi ya gramu 1.1 tu, inayokimbia kama mita 775 kwa sekunde. Inakwenda imenyooka ajabu, hata kwenye yadi 150 (kama mita 137) unaweza kuiamini siku isiyo na upepo. Wakulima wanaopambana na wanyama waharibifu wa mashamba wanaipenda sana. Lakini risasi zake nyingi zimeundwa zipasuke zikigusa, na kwa mla nyama hiyo ni hasara. Zaidi ya hayo, risasi moja ya aina hizi mbili hugharimu mara tatu ya .22 ya kawaida, wakati mwingine zaidi. Piga hesabu: kwa fedha za mazoezi ya mwezi mmoja ya .17, unafanya mazoezi ya miezi mitatu ya .22.

Tahadhari moja kabla sijasahau: .22 Long Rifle na .22 magnum haziingiliani. Namba inafanana, ganda halifanani. Ukitia risasi ya Long Rifle kwenye chemba ya magnum, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, inalegea mle ndani na ganda linaweza kupasuka usoni pako. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, usome ya kwenye boksi la risasi, yalingane neno kwa neno.

Kuhusu kukoki kwa mkono au kujikoki: Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, ndiyo inayojikoki inayojulikana kuliko zote, na ni bunduki nzuri. Sikukatazi kuinunua miaka ijayo. Lakini kwa bunduki ya kwanza, ndani ya nyumba yenye kijana, nataka ile ambayo kila risasi inaingia chemba kwa sababu mkono wa mtu umeiingiza. Ukifungua bolti, yaani kile chuma cha nyuma ya mtutu unachokivuta kwa mkono kukoki, chemba iko wazi mbele ya macho yako, na aliye jirani yako anaona pia. Nitakueleza kilichonipata. Mwaka wangu wa kwanza wa kuwinda huku, nilichomoa magazini (kisanduku cha risasi) ya bunduki inayojikoki, nikaamini haina kitu, nikavuta triga ili nilegeze springi. Kulikuwa na risasi moja chemba. Ilizama kwenye udongo hatua tatu kutoka kwenye mguu wa rafiki yangu. Mtutu ulikuwa umeelekea chini kwa sababu mzee aliyenifundisha alikuwa amelitia hilo kichwani mwangu mpaka likawa mazoea, na ni mazoea hayo tu yaliyookoa mguu ule. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu, awe mtoto au mzee, huanza na bolti. Kutoa magazini si kutoa risasi. Fungua, tazama ndani, ingiza ncha ya kidole, ndipo useme iko tupu.

Kuna faida nyingine ya bolti: haichagui risasi. Inayojikoki inahitaji msukumo wa kutosha kurudisha chuma nyuma, kwa hiyo risasi za mwendo wa chini mara nyingi zinakwama. Bolti inakula zote. Na mtu anayelazimika kukoki kabla ya risasi inayofuata hujifunza kuifanyia kazi ile ya kwanza.

Kwa fedha zako, tazama Savage Mark II au Ruger American Rimfire. Zote mbili unaweza kuzipata ndani ya dola 300 hadi 400 kutegemea mbao au plastiki ya kitako, na triga ya Savage unaweza kuirekebisha uzito wake. CZ 457 ya Cheki ni nzuri kuliko zote mbili, mtutu wake una sifa, lakini ikikumalizia fedha yote utabaki na bunduki nzuri isiyo na risasi. Iliyotumika pia si aibu. Mtutu wa .22 hauchakai haraka, maana risasi ni ya madini laini ya plumbi na baruti ni kidogo. Mwombe muuzaji atoe bolti, chungulia mtutu kwa mwanga upande wa pili: michirizi inayozunguka iwe na ncha kali, pasiwe na kutu wala mashimo. Tazama zaidi mdomo wa mtutu, maana pale palipogongwa, hata kidogo, risasi zote zitatoka zikiyumba.

Halafu kuna jambo ambalo duka halikukuuliza: bunduki inakutosha? Kitako kikiwa kirefu, utanyoosha shingo na kichwa kitayumba. Weka kitako ndani ya kunjo la kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa pembe mraba: kidole cha shahada kifike kwenye triga bila kunyooka sana. Mwanao atahitaji kifupi zaidi, na zipo bunduki zenye vipande vya kuongeza au kupunguza nyuma ya kitako. Ruger American nyingine huja navyo. Kwa nyumba yenu yenye wapigaji wawili, hilo lingenifanya niipendelee hiyo.

Pia pima jicho lako linalotawala. Nyoosha mikono mbele, viganja viachie tundu dogo katikati, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha funga jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kile kitu ndilo linalotawala. Nimewafundisha watu wengi waliokuwa wakikosa shabaha kwa sababu hii tu: mkono wa kulia, jicho la kushoto. Ukijikuta hivyo, ni rahisi zaidi kujifunza begani kushoto sasa, kabla mwili haujazoea, kuliko kupigana na jicho maisha yako yote. Savage hutengeneza bunduki za bolti upande wa kushoto pia.

Darubini ya kulengea, inayofungwa juu ya bunduki, isiwe ya kifahari. Ukuzaji wa mara 4 usiobadilika, au wa mara 2 hadi 7, unatosha kabisa. Muhimu ni iwe imetengenezwa kwa ajili ya bunduki ndogo. Darubini za bunduki kubwa hurekebishwa kiwandani kwa yadi 100 na zaidi, wakati za .22 hurekebishwa kwa yadi 50. Ukiweka ya kubwa kwenye ndogo, ukisogeza jicho kidogo tu, alama inahama juu ya shabaha ingawa bunduki haijatikisika, na kwa kichwa cha kindi kuhama huko ni kukosa au kujeruhi.

Sasa risasi, na hapa naomba uwe na subira na mimi, maana hapa ndipo bunduki ya dola 300 inapoweza kuishinda ya dola 1,000. Kila mtutu wa .22 una chakula chake. Bunduki mbili zilizotoka kiwandani siku moja, namba zimefuatana, moja itapenda risasi hii na nyingine itaikataa. Hakuna wa kukuambia, lazima uionjeshe. Nunua maboksi madogo ya risasi 50, aina tano au sita tofauti, zikiwemo za mwendo wa kawaida na za mwendo wa juu. Nenda uwanja wa shabaha siku isiyo na upepo, laza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, weka karatasi yadi 50, na kila aina ipige makundi manne ya risasi tano. Usihangaike na risasi zinapogonga. Tazama zimekusanyika vipi. Ukibadilisha aina, piga risasi kama kumi za kuuzoesha mtutu kwanza, kwa kuwa kila aina ina nta yake inayobaki ndani. Utashangaa: aina moja itatawanya kama mtu amemwaga mahindi, nyingine itakusanya risasi zote tano chini ya sarafu. Hiyo ya pili ndiyo yako. Rudi dukani ununue katoni ya 500, na ukiweza mbili.

Watu wengi hudhani risasi ya mwendo wa juu lazima iwe bora. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Risasi ya mwendo wa juu hutoka ikiwa juu ya hapo, kisha njiani inapungua na kuupita tena mpaka ule wa sauti, na hapo hewa huizuia vibaya. Matokeo yake ni kinyume cha unavyotegemea: upepo wa pembeni huisukuma mbali zaidi kuliko ile ya mwendo wa kawaida iliyoanza chini ya mpaka huo. Ndiyo maana wanaoshindana katika mita 50 hupiga zilizo chini ya mwendo wa sauti. Kwa kindi katika yadi 30 tofauti ni ndogo, zote zinaua. Chagua ile inayokusanyika.

Rekebisha alama ya darubini igonge kamili kwenye yadi 50. Ukifanya hivyo, kati ya yadi 20 na 50 risasi haitapotoka zaidi ya sentimita moja hivi kutoka pale unapolenga, kwa hiyo unalenga kichwa na huwazi kitu kingine. Baada ya hapo inaanguka haraka. Ikifika yadi 100 imeshuka karibu shubiri nzima. Mtu atakuambia anaua sungura kwa yadi 100 na .22. Mwache na hadithi yake.

Umbali wako wewe unajipimia hivi. Toka kwenye mfuko wa mchanga. Kaa chini, viwiko juu ya magoti, kama utakavyokaa porini. Chora duara la ukubwa wa kizibo cha soda, uweke yadi 25, piga tano. Zikiingia zote tano, si nne, sogea yadi tano nyuma. Pale zinapoanza kutoka nje ya duara, rudi hatua moja. Huo ndio umbali wako wa kuwinda msimu huu, na mnyama akiwa mbali zaidi ya hapo, unamtazama tu. Kama ni yadi 30, ni 30. Mwaka kesho utakuwa umeongezeka. Mwanao naye awe na umbali wake, ulioandikwa kwenye karatasi yake mwenyewe.

Kwenye uwanja vaeni miwani na vizuia sauti vya masikio hata kama mlio ni mdogo. Sikio haliponi. Na risasi ikikataa kulia, jambo linalotokea kwa .22 mara nyingi kuliko bunduki kubwa kwa sababu baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda na wakati mwingine haijaenea sawasawa, usifungue bolti. Elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue.

Sheria nitazipitia kwa haraka, lakini usizisome kwa haraka. Mwenye grinikadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua bunduki ya namna hii. Utajaza fomu ya 4473 kwa muuzaji mwenye leseni na utachunguzwa kumbukumbu zako. Ndugu zetu wenye viza za muda, kama wanafunzi, kimsingi wamekatazwa, ingawa kuna vighairi, kikiwemo cha leseni halali ya uwindaji. Wao, na yeyote ambaye karatasi zake hazijatulia, wamwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa bunduki, hata ya kuazima. Usimnunulie mwingine asiyeruhusiwa, awe ndugu wa tumbo moja: ni kosa la shirikisho, na kosa la silaha linaweza kukupeleka kwenye kufukuzwa nchini. Na bangi: Minnesota iliihalalisha kwa watu wazima Agosti 2023, lakini sheria ya shirikisho haijaikubali, na fomu ile inakuuliza swali hilo waziwazi. Usije ukasaini uongo.

Minnesota inamtaka kila aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 awe na cheti cha usalama wa silaha ndipo apate leseni ya kuwinda. Kozi za idara ya maliasili ya jimbo, DNR, hufundishwa na watu wa kujitolea kama mimi, na hupokea watoto kuanzia miaka 11. Jiandikisheni wewe na mwanao pamoja, mapema kiangazi, maana nafasi hujaa msimu unapokaribia. Kikomo cha wanyama kwa siku na tarehe za msimu ni vya kusoma kwenye kijitabu cha DNR cha mwaka huohuo, usimwamini mtu kwa mdomo. Utavaa pia nguo ya rangi ya chungwa kali, au waridi kali, juu ya kiuno. Nyumbani, bunduki iwe imefungwa kwa kufuli bila risasi, na risasi ziwe na kufuli yake mahali pengine. Kijana wa miaka 13 ana marafiki, na hao hujawafundisha.

Wala usifikirie kwenda nayo likizo Iringa. Tanzania ina vibali vyake vya silaha na vya uwindaji, Kenya ilifunga uwindaji tangu 1977, na bunduki iliyokutwa kwenye begi bila karatasi haina maelezo yanayokubalika katika kiwanja chochote cha ndege.

Mwanzo wa msimu utakuta baadhi ya kindi wana uvimbe wenye buu chini ya ngozi. Ni buu la inzi, si wale wa kwetu wanaotaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, ila tabia inafanana. Linachukiza macho, lakini nyama haiharibiki. Wengi husubiri tu baridi ya kwanza ipite, nami hufanya hivyo. Sungura mchune ukiwa na glavu na umpike aive kabisa, kwa sababu ya ugonjwa wa tularemia. Nyama iliyozunguka jeraha ikate uitupe, ina vipande vya plumbi usivyoviona.

Siku yenyewe ikifika, ingieni msituni kabla jua halijachomoza. Tafuteni mialoni iliyobeba mbegu, kaeni chini mgongo ukiegemea shina, mwanao upande wako wa kushoto, bunduki moja tu kati yenu. Dakika 20 za kwanza hamtaona kitu. Kisha mtaanza kusikia maganda yakidondoka kwenye majani makavu. Kindi atakuwa juu kwenye tawi, na nyuma yake mbingu tupu. Hapo usipige. Boksi la risasi limeandikwa kwamba kijipande hicho cha gramu 2.6 kinaweza kusafiri maili moja na nusu, karibu kilomita 2.4, na Minnesota ni tambarare, nyumba ya mtu iko nyuma ya miti ile. Mngoje. Atashuka ale, au atajibana kwenye shina asikilize. Kichwa kikiwa na shina nene nyuma yake, na umbali ukiwa ule ulioandika kwenye karatasi yako, toa kizuizi cha usalama, vuta pumzi, achia nusu, kisha kaza kidole polepole.